Chaja ya simu nyingine kwenye simu yangu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba ya kawaida siku hizi ina simu tatu za kampuni tatu, kitochi cha bibi (ile simu ndogo ya vitufe), kishikwambi, ruta, dekoda, spika ya blututhi na taa ya sola. Kila kimoja kilikuja na chaja yake, na baada ya miezi sita zote ziko kwenye droo moja zimesokotana. Mimi ni fundi simu. Maswali haya naulizwa mezani karibu kila siku, na nimeamua kuyajibu kwa kirefu kwa sababu naona watu wanaogopa kitu kisicho na hatari, halafu chenye hatari wanakinunua barabarani bila kukitazama mara mbili.

Kwa kifupi, inafaa au haifai?

Ikiwa chaja ina tundu la USB na kifaa chako nacho kinachajiwa kwa USB, inafaa. Ya Samsung kwa Tecno, ya iPhone kwa Infinix, ya kishikwambi kwa simu, zote sawa. Sharti ni kwamba chaja iwe nzima na isiwe feki. Lakini ikiwa ni chaja ya pini ya mviringo, kama za ruta na subufa, usiichomeke popote kabla hujasoma maandishi ya mgongoni. Huko ndiko vifaa vinakoungulia.

Hayo maandishi ya mgongoni yanasemaje?

Tafuta mistari miwili. INPUT ni umeme unaoingia kutoka ukutani. Mara nyingi utaona 100-240V, maana yake chaja inakubali volti 230 za kwetu na pia volti 120 za Marekani. OUTPUT ni umeme unaotoka kwenda kwenye simu, kwa mfano 5V 2A. Zidisha namba hizo mbili upate wati: 5 mara 2 ni wati 10.

Volti na ampea huchanganywa sana. Fikiria simtanki juu ya mnara. Volti ni kimo cha mnara, yaani jinsi maji yanavyosukuma. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Namba ya ampea kwenye chaja ni kiasi cha juu kabisa ambacho tanki linaweza kutoa, ila koki inafunguliwa na simu. Ukilielewa hili, nusu ya maswali yanayofuata utayajibu mwenyewe.

Simu yangu ilikuja na chaja ya ampea 1. Nikitumia ya ampea 3, haitaungua?

Haitaungua. Hofu hii ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo isiyo na msingi. Chaja haisukumi ampea 3 ndani ya simu kwa lazima. Chaja halisi imo ndani ya simu yenyewe: ni chipu ndogo kwenye bodi inayopima betri, ikachukua umeme kiasi inachokitaka, kisha ikapunguza kidogo kidogo betri inapokaribia kujaa, kwenye volti 4.2 hivi, au 4.4 na ushei kwa betri nyingi za sasa. Hicho tunachochomeka ukutani ni kigeuzi tu cha umeme. Simu inayotaka ampea 1 itachukua ampea 1 hata ukiiweka kwenye chaja ya ampea 5.

Chaja kubwa inayofanya kazi kwa nusu ya uwezo wake hata joto haipati sana. Inayoteseka ni ndogo inayobebeshwa mzigo.

Na kinyume chake? Chaja ndogo kwenye simu kubwa?

Itachaji polepole. Betri ya miliampea-saa 5000 inabeba kama wati-saa 19. Kwa chaja ya wati 5, ile ndogo ya zamani ya 5V 1A, utasubiri zaidi ya saa nne, na ukiwa unaangalia video huku data imewashwa asilimia inaweza hata kushuka. Kwenye chaja nzuri hakuna madhara mengine, kwa sababu simu ikiona volti zinaanza kushuka inapunguza yenyewe inachovuta. Chaja ya hovyo haina breki za namna hiyo na hupata moto. Ukiigusa ukashindwa kuishikilia, ichomoe.

Walimu waliopewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 huniuliza hili mara nyingi: kishikwambi kinakaa usiku kucha na asubuhi hakijajaa. Kwa kawaida kinachajiwa na kichwa cha kitochi, yaani ile sehemu ya chaja inayochomekwa ukutani. Tafuta cha wati 10 au zaidi.

Chaja za siku hizi zimeandikwa 9V, 11V, hata 20V. Simu ya volti 5 itapona kweli?

Itapona, kwa sababu chaja hizo haziruki moja kwa moja kwenye volti za juu. Zinaanza na 5, halafu yanafuata mapatano kama ya sokoni. Kwenye mfumo wa USB Power Delivery chaja inasema, "Nina 5, nina 9, nina 15, nina 20." Simu inajibu ipi inaitaka. Simu isiyoijua lugha hiyo hainyanyui mkono, na chaja inabaki kwenye 5. Quick Charge, mfumo wa kuchaji haraka wa kampuni ya chipu ya Qualcomm, nayo inafuata utaratibu huohuo wa kuombwa kwanza, ingawa inaongea kwa njia nyingine.

Mfumo huo umekua sana. Mwanzo ulifika wati 100, na toleo la 2021 limefika wati 240 kwa volti 48. Chaja ya namna hiyo inaweza kuendesha kompyuta kubwa, na jioni ukaichomeka simu ya elfu sabini bila wasiwasi wowote.

Mbona chaja ya simu moja inachaji haraka simu yake tu, kwingine inazubaa?

Lugha. OPPO walianza na mfumo wao wa kuchaji haraka, VOOC, mwaka 2014, wakachagua volti ndogo na ampea nyingi, 5V kwa 4A, wakati wengine wanapandisha volti. Huawei wana yao, Xiaomi wana yao. Kichwa na simu visipoelewana vinarudi kwenye mwendo wa kawaida, na hapo hakuna kilichoharibika. Ukitaka chaja moja ya nyumba nzima, chagua yenye USB Power Delivery, na ikiwa imeandikwa pia PPS (yaani simu inaweza kuomba volti kwa hatua ndogondogo) ni bora zaidi.

Pini za mviringo zina shida gani hasa?

Hapa naomba usome taratibu.

USB ni makubaliano ya dunia nzima: ukiona tundu lile unajua volti 5 zipo. Pini ya mviringo haina makubaliano. Pini ileile ya unene wa milimita 5.5 inatoka kwenye ruta ya volti 9, ruta ya volti 12, dekoda ya volti 12, spika ya volti 5, na adapta za volti 24. Zote zinaingia vizuri, zinakaza, na hakuna kinachokuonya. Humo ndani mara nyingi hakuna mapatano wala chipu ya kuuliza. Ukichomeka, umeme wote umefika.

Miaka kadhaa iliyopita niliichomeka spika ya mteja, ya volti 5, kwenye adapta ya volti 12, kwa sababu pini ilikaa sawasawa na nilikuwa na haraka. Moshi ulitoka kabla sijaondoa mkono. Nilimnunulia mpya, na tangu siku hiyo kila adapta ya mviringo mezani kwangu ina karatasi iliyobandikwa jina la kifaa chake na volti zake kwa kalamu nyekundu. Fanya hivyo nyumbani kwako leo, haigharimu kitu.

Ukilazimika kubadilishana, angalia mambo matatu. Volti ziwe sawa kabisa. Ampea za chaja ziwe sawa na za kifaa au zaidi. Halafu kuna alama ndogo ya duara yenye jumlisha upande mmoja na toa upande mwingine, inayoonyesha kama chanya iko katikati ya pini au nje. Ilinganishe na ile ya kwenye kifaa. Zikipishana, kifaa kinapokea umeme kinyumenyume, na vingi havistahimili hata sekunde moja. Jambo moja likikosekana, usijaribu.

Chaja ya kompyuta ya mpakato inaweza kuchaji simu?

Ya USB-C, ndiyo, bila shaka. Ya pini ya mviringo haiingii, na usimwombe fundi akuungie waya, maana nyingi zinatoa volti 19 hadi 20 mfululizo. Kinyume chake, kichwa cha simu cha wati 20 kwenye kompyuta ya USB-C huwa kinaleta onyo kwamba nguvu haitoshi. Kompyuta ikiwa imezimwa inaweza kuchaji polepole, au ikakataa kabisa.

Na waya? Nao una ukubwa wake?

Waya ndio unaosahaulika, na ndio unaoharibu mengi. Ampea nyingi zinahitaji shaba nene. Waya mwembamba wa bei ya kutupa unapoteza volti njiani na simu inachaji kama imelala. Kabla hujailaumu betri, badilisha waya kwanza. Kati ya simu zinazoletwa kwangu kwamba "sistimu chaji imekufa", nyingi zina waya mbovu au vumbi lililoshindiliwa ndani ya tundu, ambalo nalitoa kwa kijiti cha meno simu ikiwa imezimwa.

Waya wa USB-C kwa USB-C wa kawaida unabeba ampea 3. Zaidi ya hapo, kanuni za USB zinataka uwe na chipu yake ndani inayoitambulisha kebo kwa chaja. Waya uliofungwa vibaya kiwandani ni jambo zito. Mwaka 2016 mhandisi wa Google, Benson Leung, aliyekuwa akinunua na kupima kebo za USB-C kwa hiari yake, alichomeka moja ambayo chanya na hasi zilikuwa zimebadilishana nafasi. Iliua kompyuta yake na vipimo alivyokuwa anatumia. Muda mfupi baadaye Amazon wakapiga marufuku kebo za USB-C zisizofuata kiwango. Mtu aliyeijua kazi hiyo kuliko karibu mtu yeyote aliangushwa na waya tu.

Nina tochi ya USB-C inayokataa chaja yangu mpya, lakini ya zamani inaikubali. Chaja mpya ni mbovu?

Ni nzima. Tundu la USB-C la chaja ya kisasa halitoi umeme wowote mpaka lione kifaa upande wa pili, na linakitambua kwa kikinzani kidogo, rezista, cha ohmu 5100. Watengenezaji wa tochi, mashine za kunyolea na redio za bei ndogo huacha kukiweka kikinzani hicho ili kuokoa senti. Chaja inaona hakuna mtu, inakaa kimya. Waya wenye kichwa cha mstatili cha USB ya zamani hauulizi, kwa hiyo unafanya kazi. Tunza waya mmoja wa aina hiyo.

Feki naijuaje?

Swali hili nalipenda, maana ndipo roho za watu zilipo. Ndani ya chaja, upande mmoja una volti 230 na upande wa pili una 5. Kinachozitenganisha ni transfoma ndogo yenye tabaka za plastiki, na nafasi ya milimita chache kwenye bodi. Mtengenezaji mwizi anakata hapo. Mwaka 2016 taasisi ya wakaguzi wa biashara ya Uingereza ilipeleka maabara chaja 400 bandia za Apple zilizonunuliwa mtandaoni katika nchi mbalimbali. Tatu tu ndizo zilizokuwa na kinga ya kutosha dhidi ya shoti. Mia tatu tisini na saba zilianguka.

Kwa macho na mikono: chaja halisi ni nzito kidogo, maana ndani kuna kitu. Feki ni nyepesi kama ganda. Maandishi yake yana makosa ya herufi au yanafutika kwa kidole. Pini zake zinacheza, au haziingii soketi ya kwetu ya pini tatu bila kulazimisha. Alama ya mraba ndani ya mraba, ya insulesheni mbili (kinga ya umeme ya tabaka mbili), huwa wanaichapa nao, kwa hiyo isikudanganye peke yake. Alama ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, inasaidia unaponunua dukani kwa risiti. Bei ndiyo kipimo kigumu kuliko vyote: kichwa cha "wati 65" kwa bei ya chipsi mayai hakiwezi kuwa na wati 65 wala kinga.

Chaja halali ya kampuni nyingine ni salama kuliko feki yenye jina la simu yako. Nikuombe ukumbuke hilo unapoambiwa "hii original kabisa".

Nikishika simu ikiwa kwenye chaji inanitekenya. Na tachi inajibonyeza yenyewe.

Ni mambo mawili yanayotoka sehemu moja. Chaja nyingi zina kapasita, kipande kidogo cha kielektroniki, kati ya upande wa ukutani na upande wa simu ili kupunguza kelele za umeme, na inapitisha umeme kidogo sana, robo miliampea au chini yake kwenye chaja nzuri. Kwenye simu yenye ganda la chuma, mguu ukiwa peku sakafuni, unausikia kama mchwa. Huo haudhuru. Lakini kwenye feki huwekwa kapasita ya kawaida isiyotengenezwa kwa kazi hiyo, na siku ikifa, njia ya volti 230 hadi mkononi mwako iko wazi. Kama mtekenyo ni mkali, au tachi inaruka na simu inafungua programu yenyewe, ni kelele nyingi kupita kiasi. Chomoa, jaribu kichwa kingine. Ikitulia, tupa kile cha kwanza, usimpe mtoto wala jirani.

Kitochi cha pini nyembamba je?

Pini ya milimita 2 ya Nokia inabadilishana baina ya Nokia zenyewe bila tatizo, na chaja zake ni ndogo, kama ile ya 5V kwa miliampea 350. Shida ni vifaa vingine vilivyoazima umbo hilo. Soma volti kwanza.

Kile kifaa kinachobana betri kwa pini mbili, ambacho watu huchomoa betri ya kitochi na kuiweka humo, sikipendi. Kinaipita ile chipu ya ndani ya simu, na vingi havipimi joto wala haviachi kwa wakati. Kama huna njia nyingine, kaa nacho, kisilale kikifanya kazi.

Nachajia kwenye sola, kwenye bodaboda, kwenye gari. Kuna hatari?

Paneli inayoitwa ya volti 12 inatoa kama 18 juani ikiwa na mzigo, na inapita 20 bila mzigo. Ukiunga simu moja kwa moja, umeiua. Pitia kwenye kidhibiti chenye tundu la USB. Mifumo ya taa za sola za nyumbani huwa na tundu hilo tayari, lenye volti 5, na simu yoyote inachaji.

Kwenye pikipiki na gari betri ni volti 12, injini ikiwaka inapanda hadi 14 na zaidi. Malori mengi ni 24. Kwa hiyo dereva wa lori ahakikishe kifaa chake kimeandikwa 12-24V.

Chaja niliyoletewa kutoka ng'ambo?

Kama imeandikwa 100-240V ni ya kila mahali, na tatizo ni umbo la pini tu. Oman na Emirati wanatumia pini tatu za mstatili kama sisi. Rwanda, Burundi na Kongo utakuta za mviringo za Kizungu. Adapta ya kubadilisha pini iwe imara, isining'inie. Kama imeandikwa 120V peke yake, kama vifaa kadhaa vya Marekani, usiichomeke ukutani.

Kwa nini wasitengeneze chaja moja basi tukapumzika?

Tunakaribia. Mwaka 2009 Ulaya kulikuwa na aina zaidi ya 30 za chaja za simu, na makampuni makubwa yakakubali kwa hiari kuhamia USB ndogo (micro-USB). Apple wakabaki njiani, wakaleta tundu lao la Lightning mwaka 2012. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukaacha kubembeleza ukatunga sheria: kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu, vishikwambi na kamera mpya zinazouzwa huko lazima zichajiwe kwa USB-C, na kompyuta za mpakato zikapewa hadi 28 Aprili 2026. iPhone 15 ya Septemba 2023 ilikuja na USB-C tayari. Sisi hatujaitunga sheria hiyo, lakini makampuni hayatengenezi simu mbili kwa ajili yetu, kwa hiyo faida imetufikia.

Upande wa pili ni kwamba Apple tangu mwaka 2020, na Samsung kwenye simu zake kubwa tangu 2021, wameacha kuweka kichwa ndani ya boksi. Mteja wa kwetu anatoka dukani na simu ya milioni mbili halafu ananunua kichwa barabarani kwa buku tatu. Hili linaniumiza kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Zile Samsung zilizowaka moto mwaka 2016 hazikuwa na chaja isiyo yake?

Hapana. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulionyesha kasoro ndani ya betri zenyewe za Galaxy Note 7, kutoka kwa watengenezaji wawili tofauti. Zilirudishwa mara mbili, zikasitishwa.

Betri imevimba baada ya kutumia chaja nisiyoijua. Nifanye nini?

Chomoa sasa hivi, zima simu. Usiibonyeze irudi bapa, usiitoboe kutoa hewa, usijaribu kuichaji "mara ya mwisho" upate namba za watu. Kama kava linafunguka lenyewe liache. Iweke juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na godoro, pazia na jiko la gesi, kisha ipeleke kwa fundi mchana, ikiwa mkononi kwenye kikopo na si mfukoni. Kichwa ulichotumia kilete pia. Nitakipima mbele yako, na kama kinatoa volti 7 pale palipoandikwa 5, nitakivunja hapohapo ukiona.